Mmea wa Kupewa Haushiki

Hapa mjini Tlacolula hakuna asiyejua kwamba Fidelia Mecinas hakujaliwa mkono wa mimea. Mengine alijaliwa, tena kwa wingi. Mdomo alijaliwa, miguu ya kusimama mbele ya moto tangu alfajiri alijaliwa, na ule mchuzi wake wa njano, amarillo, watu wanatoka mbali kuja kuula sokoni siku ya Jumapili. Lakini mpe mche wa kitu chochote, hata gugu, hata lile dude linaloota lenyewe kwenye nyufa za ukuta wa kanisa, na baada ya muda mfupi utaukuta umelala chali.

Na kilichomtia aibu kuliko vyote ni yerba santa. Hebu fikiria! Yerba santa haioti, inavamia. Ukiipanda kando ya choo, mwakani iko uani, mwaka unaofuata iko mlangoni inakutazama kama mwenye nyumba. Jani lake pana kama sahani, lina umbo la moyo, na ukilifikicha harufu yake ya anisi inakukaa vidoleni mpaka jioni. Wazee wanasema Bikira Maria alianika nepi za Mtoto Yesu juu yake, ndiyo maana ikaitwa takatifu. Mmea uliovumilia nepi, jamani, ukashindwa na Fidelia.

Amarillo ya kuku bila jani hilo ni uji wa pilipili tu, asikudanganye mtu. Kwa hiyo miaka yote Fidelia alikuwa akilipata kwa jirani yake wa ukuta mmoja, Nazaria Olivera. Nazaria ndiye aliyemsimamia Ubalda, binti wa Fidelia, siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo wanawake hao wawili waliitana komadre, wakawa zaidi ya ndugu. Ukuta ulio kati ya nyua zao ni wa matofali ya udongo, mfupi, unafika kifuani.

"Komadre! Jani!" Fidelia alikuwa akiita.

"Kwani mikono umeuza? Ruka ujichumie!"

"Nirukie wapi na makalio haya?"

"Basi ngoja, nakuletea. Malkia wa Hispania wewe."

Ndivyo walivyoishi. Na kila mwaka Nazaria alimchimbia mche mzuri wenye mizizi, akaupitisha juu ya ukuta, na kila mwaka ule mche ulikufa.

Sasa, sisi watu wa bonde hili tuna usemi wetu kuhusu mambo hayo: mmea wa kupewa haushiki, unaoshika ni wa kuibwa. Ukiiba, mwenyewe asikuone. Akija kujua, asikusamehe. Na wewe, hata ufurahi namna gani, usithubutu kusema asante, maana asante inaugeuza wizi kuwa zawadi, na zawadi inanyauka. Bibi zetu wote wamejaza nyua zao kwa wizi wa namna hiyo na wote wamezikwa kwa heshima.

Lakini Fidelia kuiba hakuweza. Ni mwanamke aliyewahi kumrudishia jirani kuku aliyejileta mwenyewe jikoni kwake, tena siku ya sikukuu, tena maji yakichemka.

Mvua za kwanza za mwaka ule ziliponyesha, Nazaria alikuja ukutani bila kuitwa. Alikuwa amejifunga shali jipya, na uso wake haukuwa ule wa kila siku.

"Komadre, nimeuza nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu. Sina nyingine. Binti yangu kule Tijuana kajifungua mapacha, na magoti yangu haya yameanza kunisengenya kila nikipanda ngazi ya kanisa. Nakwenda kukaa naye. Baada ya sikukuu ya Bikira Kupalizwa, mwezi wa nane, naondoka."

Fidelia alishika ukuta. Alitaka kusema neno la kumfurahisha komadre wake. "Na uwanja?" ndiyo yaliyomtoka.

"Aliyenunua anataka kuoshea malori. Atamwaga zege pote, mpaka hapa ukutani."

Wote wawili wakaitazama ile yerba santa, ilivyokuwa imejaa kona nzima, majani yakidondosha matone ya mvua. Bibi yake Nazaria ndiye aliyekuja nayo kutoka Mitla alipoolewa, mzizi umeviringishwa kwenye shali lake.

Siku ile Fidelia alilia mpaka tortilla, ile mikate yake ya mahindi, zikamwungulia. Ubalda, mwanamke mtu mzima mwenye duka lake la vitambaa, alikuja kumtuliza akakosea neno.

"Mama, mbona sokoni majani yamejaa? Utanunua."

"Majani yamejaa, ndiyo. Komadre wangu yumo ndani ya hayo majani? Nikiamka asubuhi nikatazama ule upande nikaona malori, nitalisalimia lori?"

Ndipo ilipoeleweka nyumba nzima kwamba Fidelia anautaka mzizi ule, wala si mwingine, na anautaka uwe umeshika uani kwake kabla Nazaria hajapanda gari. Huko ndiko roho yake ilikokuwa.

Nazaria naye alitaka hivyo hivyo. Akamchimbia mche mnene kuliko yote, akaupitisha ukutani, na Fidelia akaupanda mahali pa heshima, mbele ya mlango wa jiko. Akaulea kama mwana. Kila jioni aliumwagia yale maji aliyochemshia mahindi, yenye chokaa, bado yana uvuguvugu.

"Mama, chokaa hiyo inauunguza," Ubalda alisema.

"Nyamaza wewe. Meno yako hayo nimeyakuza kwa chokaa hiyo hiyo. Mahindi yamelea watu, yatashindwa kulea jani?"

Mche ukafa. Ulikauka ukingoni kwanza, kisha ukainama, kisha basi.

Aliyekuja kusema wazi ni Don Evodio, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, mzee ambaye mlango wake unatazama nyua zote mbili na mdomo wake hautazami popote.

"Doña Fidelia, niseme nisiseme?"

"Hata nikikukataza utasema."

"Iba."

"Don Evodio!"

"Iba, mama. Utamlilia mwenzio mpaka lini? Ameshakupa mpaka amechoka. Anayepewa hapati. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliiba ile mipilipili yetu kwa mama yake mzazi, na mpaka leo inazaa."

Maneno hayo yakamwingia Fidelia yakakaa. Lakini akaona hawezi kufanya jambo zito namna hiyo kienyeji, akajifunika shali akaenda kanisani kuungama. Padre Anselmo, mwenyewe mzaliwa wa bonde hili, alikuwa kitubioni.

"Umetenda dhambi gani, mwanangu?"

"Bado, Padre. Naiba wiki hii."

"Basi usiibe."

"Ni mche wa komadre wangu."

"Mche wa nini?"

"Yerba santa."

"Ahaa. Sasa, mwanangu, mimi siwezi kusamehe dhambi ambayo haijatendwa."

"Na ikishatendwa usinisamehe pia, nakuomba. Nasikia msamaha unaiua."

Nyuma ya pazia Padre Anselmo alipatwa na kikohozi cha ajabu. Alipomaliza kukohoa alisema, "Nenda kwa amani, Fidelia. Tuseme leo ulipita kunisalimu."

Kumbe Don Evodio alikuwa ameshavuka barabara kwenda kwa Nazaria pia. Maana siku iliyofuata Nazaria alisimama katikati ya uwanja wake akapiga kelele kama mnadi.

"Komadreee! Naenda kwa dada yangu! Nitakawia sana! Mbwa nimemfunga! Na jembe dogo nimelisahau hapa chini ya yerba santa, sijui nina mawazo gani siku hizi!"

Fidelia alisikia kila neno. Badala ya kufurahi akawaka.

"Huu ni wizi gani sasa?" alimwambia Ubalda, akitupa mwiko. "Mtu anakufungia mbwa, anakuachia na jembe! Alichobakiza ni kunishika mkono! Hiyo si zawadi hiyo? Si itakufa kama wenzake?"

Jioni Nazaria aliporudi, akakuta jembe lake pale pale na udongo haujaguswa, akaegemea ukuta akachungulia.

"Wewe mwanamke ni mjinga."

"Asante."

"Hata kuiba hujui."

"Nimelelewa vizuri, ndiyo tatizo."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu mwezi wa saba ulikuwa umeanza.

Wizi wenyewe, ulipokuja, haukupangwa na mtu. Nazaria alimwita Fidelia kula maharage ya chungu, chakula cha mchana tu, cha watu wawili. Mvua ilikuwa imepita. Nazaria aliingia jikoni kugeuza tortilla, huku akieleza kwa sauti jinsi mkwe wake wa Tijuana asivyojua kula pilipili, na Fidelia akabaki barazani peke yake, kijiko mkononi. Mbele yake, hatua chache, palikuwa na mche mdogo umechipuka kando ya mama yake. Mbwa, Sargento, alikuwa amelala. Fidelia hakuwaza. Alisema baadaye kwamba mkono ulikwenda wenyewe, yeye aliufuata tu. Akachota udongo kwa kile kijiko, akauvuta mche na mzizi wake, akasukuma majani makavu juu ya shimo, na kwa kuwa hakuwa na mfuko akautia kifuani, chini ya shali.

Nazaria akatoka na tortilla za moto. "Kaa, komadre, mbona umesimama kama askari?"

Fidelia akakaa. Na hapo ndipo alipojua kwamba ule mzizi haukuja peke yake. Umekuja na sisimizi.

Nasema sisimizi, lakini Fidelia anaapa walikuwa siafu. Walianza kifuani, wakashuka ubavuni, wakagawana njia. Naye mwizi wetu amekaa wima, anatabasamu, jasho linamtoka, na kila akitaka kuaga Nazaria anamwongezea upawa.

"Kula, mbona huli? Umekuwa mwekundu."

"Pilipili, komadre."

"Sijaweka pilipili."

"Ndiyo maana."

"Na kujikuna huko? Una upele?"

"Shali hili jipya."

"Shali hilo ulilivaa kwenye harusi ya Ubalda!"

"Basi limezeeka, linawasha!" Fidelia akasimama, akaangusha kiti, akakumbuka ghafla ameacha sufuria motoni, akatoka mbio na makalio yake yale ambayo siku zote alidai hayaruhusu. Nazaria alibaki ameshika upawa, akamwambia Sargento kwamba komadre anaumwa na hataki kusema. Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Jioni alimpelekea dawa ya upele.

Fidelia alikuwa na wizi wake sasa, na hakujua aufiche wapi. Mbele ya jiko Nazaria angeuona. Akaenda nyuma ya karo la kufulia, kwenye kona yenye kivuli ambako bati linamwaga maji ya mvua, akaupanda pale. Na akauacha. Si kwa kupenda! Kila jioni alipochuja mahindi yake alitamani kuupelekea yale maji ya chokaa, lakini kufika pale lazima apite sambamba na ukuta, na Nazaria siku zote yuko ukutani. Mwizi anayebeba ndoo ya maji kwenda mahali pasipo na kitu anajitangaza. Kwa hiyo akamwaga maji yake mtaroni, akauachia mche mvua ya Mungu.

Ukashika. Mtu aseme ni wizi, mtu aseme ni ile chokaa iliyokosekana. Mimi sitaki ugomvi na bibi zetu. Ukashika, ukatoa jani, ukatoa la pili, na mvua za mwezi wa saba zilivyokuwa nzito, ukafika kiunoni mwa Fidelia. Alikuwa akijipenyeza nyuma ya karo asubuhi na mapema kuusalimia, akirudi anatabasamu peke yake. Ubalda alidhani mama yake amepata mchumba.

Tatizo la yerba santa ni kwamba haijui kujificha. Ilipofika kifuani ikaanza kutafuta kuchungulia upande wa pili. Fidelia akafunga kamba ya nguo mbele yake akaanika shuka. Shuka zikikauka anazilowesha tena.

"Komadre," Nazaria aliuliza, "siku hizi unafua sana. Una wageni?"

"Usafi, komadre. Usafi ni nusu ya utakatifu."

"Na hiyo nusu nyingine, nasikia siku hizi hata kuungama huendi?"

"Padre ana kikohozi."

Angalau walikuwa wakicheka. Kisha likatokea jambo ambalo halikuwa la kucheka. Sikukuu ya Bikira ilikuwa bado inanukia baruti za fataki mitaani pale yule mnunuzi alipoleta vijana wake na sururu. Nazaria alikuwa amekwenda kumuaga dada yake. Aliporudi, kona ilikuwa wazi. Walikuwa wamekata yerba santa yote, wameng'oa mizizi mpaka wa mwisho, wakaipakia pamoja na kifusi na kuondoka nayo. Changarawe ilikuwa imeshamwagwa.

Fidelia alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani.

"Nilidhani watasubiri niondoke," Nazaria alisema. "Nilitaka nikate mzizi mmoja nikauache hata kwa Padre. Bibi yangu aliubeba kutoka Mitla, komadre. Mama yangu aliuzuia usife ule mwaka wa ukame, anaumwagia maji ya kunawia. Mimi nimeutunza miaka yote, nimekuja kuuacha ufe wiki niliyobakiza. Nitamwambia nini mama yangu nikimkuta huko?"

Fidelia alifungua mdomo. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, shuka zilikuwa zinapepea, na nyuma ya shuka alisimama mjukuu wa mzizi ule, mzima, mnene. Aseme? Anamjua Nazaria. Akimwambia tu, Nazaria atamkumbatia, atasema, "Uwe wako, komadre, Mungu akubariki," kwa sababu moyo ule haujui kusema kingine. Na hapo itakuwa zawadi. Na zawadi za Nazaria uani kwake zilikuwa zimekufa zote, hakuna hata moja iliyomwonea huruma. Akafunga mdomo, akamshika bega, akarudi kwake amejichukia.

Alisaga pilipili jioni nzima na fikra zake zinasagika humo humo. Ubalda alimkuta anazungumza na jiwe la kusagia.

"Mama, kuna nini?"

Fidelia akamwambia yote, kuanzia kijiko mpaka shuka. Ubalda akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwona mama yake hacheki.

"Nikinyamaza nabaki na mmea," Fidelia alisema. "Lakini yeye anakwenda Tijuana na lile donge moyoni. Akizeeka huko anajua ameua mzizi wa bibi yake, na mimi huku nakula amarillo. Hata jani lenyewe litanishuka kooni?"

"Na ukisema?"

"Utakufa." Akafuta mkono kwenye aproni. "Basi na ufe. Komadre ninaye mmoja."

Siku ya kuondoka, pikapu ya mpwa wa Nazaria ilikuwa imeegeshwa nje na masanduku na kizimba cha Sargento juu yake. Fidelia aliwaita wote mezani: Nazaria, huyo mpwa, Don Evodio ambaye hakuna aliyemwalika lakini alikuwepo, na Ubalda. Kabla hajachota, alikwenda nyuma ya shuka akachuma majani matatu makubwa, akaomba radhi kwa kila moja, akayapasua na kuyazamisha kwenye mchuzi.

Nazaria alichovya tortilla, akala. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Kuna watu wanajua nyumba ya mama yao kwa sauti ya mlango. Nazaria aliijua kwa ulimi. Akainua uso.

"Jani hili umelitoa wapi?"

"Sokoni," alisema Don Evodio haraka, maskini, akijaribu kusaidia.

"Don Evodio, kula chakula chako. Komadre. Jani hili umelitoa wapi?"

Fidelia alisimama. "Kwako. Niliiba mche. Ile siku ya maharage. Sikuwa na upele, komadre, walikuwa sisimizi."

Nazaria alinyanyuka, akauendea uwanja, akavuta shuka ya kwanza, akavuta ya pili. Na pale, urefu kumpita yeye, yerba santa ya bibi yake ilikuwa imesimama na majani yake yote. Akaligusa moja kwa kidole. Akalishika kwa mkono mzima. Mabega yake yakaanza kutikisika, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, na midomo yake ikafunguka kama kutoa lile neno la baraka ambalo Fidelia alikuwa akiliogopa. Fidelia akafumba macho akisubiri.

"Mwizi!"

Fidelia akafumbua macho.

"Mwizi mkubwa!" Nazaria alikuwa amegeuka, analia, kidole kimemwelekea. "Miaka yote nakulisha, kumbe nafuga kicheche! Majirani! Njooni mumwone mwizi! Amekula maharage yangu na mali yangu kifuani!"

"Shangazi," mpwa aliinuka, "kwani vipi, tuite polisi?"

"Kaa chini wewe, hujui kitu! Fidelia Mecinas, nisikilize vizuri. Sikukupa! Umesikia? Sikukupa, sikupi, na sitakupa!"

"Nimesikia," Fidelia alisema, na machozi yake nayo yakaja.

"Na kukusamehe usahau! Sikusamehe leo, sikusamehe kesho. Nikitangulia mbinguni nitaweka kiti mlangoni nikusubiri!"

"Usinisamehe, komadre. Nakuomba kwa jina la Bikira, usinisamehe kabisa."

"Sikusamehe ng'o!" Akamkamata akamkumbatia, akamtikisa, akamtukana sikioni, na wote wawili wakalia na kucheka kwa zamu mpaka Don Evodio akapenga kamasi kwenye kitambaa cha meza. Nazaria alipomwachia, alirudi akaukagua mmea chini mpaka juu. "Umenenepa, mshenzi huyu," alisema. "Ole wako uumwagie ile chokaa yako. Hiyo ni mali yangu."

Pikapu ilipoanza kuondoka alitoa kichwa dirishani akapiga kelele mpaka kona ya kanisa kwamba mtaa huu una mwizi, watu wafunge milango. Vijana wa malori waliokuwa wanasawazisha changarawe walidhani wameshuhudia urafiki wa miaka mingi ukivunjika. Fidelia alisimama barabarani anapunga mikono yote miwili.

Yerba santa haikufa. Imeshapita karo, imezunguka jiko, na mwaka huu imechungulia kwenye uwanja wa malori na kupasua zege la yule bwana sehemu mbili. Kila Jumapili, soko likiisha, simu ya Fidelia inalia.

"Mwizi!"

"Naam, komadre."

"Mali yangu ikoje?"

"Imenizibia mlango. Naingia jikoni kwa ubavu."

"Vizuri. Na ujue bado sijakusamehe."

Hapo kila mara neno la asante linampanda Fidelia mpaka kwenye meno. Analimeza. "Na mimi sirudishi," anasema, na upande wa pili anamsikia Nazaria akicheka.